Hatua Fupi ya Papa Paluku

Kuna Jumapili moja, mwanangu, katika miaka ile ya hamsini, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa karani kijana hapa Goma, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na nilitaka kumuoa Kavira. Baba yake, Papa Paluku seremala, hakuniuliza habari za mbuzi wa mahari wala za ukoo. Aliniita baada ya misa tucheze sataranji.

Nilifurahi, maana padri alikuwa amenifundisha mchezo huo shuleni. Na Kavira alikuwa papo hapo uani, akimenya ndizi na kusikia yote. Nikashika vyeupe, nikamtuma askari wangu hatua mbili. Mzee akasogeza wake hatua moja tu. Huo ndio mwanzo wanaouita Ulinzi wa Kifaransa, lakini mimi, na kujua kwangu kote, nilicheka kwa sauti.

"Muzee, unaogopa?"

"Niko nafunga mulango kwanza," akasema.

Nikasukuma askari wangu mbele zaidi, nikambana mpaka vipande vyake vikakosa pa kupumulia. Yeye ametulia tu. Kisha akaanza kugonga kule nyuma, kwa askari wa mwisho aliyewashikilia wenzake. Mwanangu, nilistaajabu. Safu yangu yote ilibomoka kama ukuta uliotolewa jiwe la chini, na vile vipande vyake vilivyojifungia vikatoka kimoja kimoja, hadi mfalme wangu akakosa pa kwenda. Sijapata kuona tena uvumilivu wenye nguvu kama ule.

Papa Paluku hakunicheka. Aligeuza ubao.

"Kaa tena. Sasa kamata byeusi, uanze na ile hatua fupi ulicheka."

Nami, mbele ya Kavira, nikaona aibu. Nikachukua kofia, nikaaga, nikaenda zangu. Nilirudi baada ya miezi mingi, hasira ilipokwisha, nikakuta binti ameolewa Butembo. Mzee aliniambia kwa upole, "Nilikuwa nangoja ukae."

Basi mwanangu, si kushindwa kulikoninyima Kavira. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikimbia nikidhani nalinda heshima. Usicheke hatua fupi ya mtu usiyejua anakokwenda. Na aliyekuzidi akikuambia ukae ujifunze, kaa, hata kama unayempenda anatazama.

Mungu akupe watu wa kukushinda kwa upendo, na akupe moyo wa kubaki nao.