Watu wa Alberta Tuliowajua Kabla ya Kuwaona

Enzi zetu, sisi tuliokulia Toronto miaka ya tisini, sauti ya mtu ilitumwa kwa posta. Wanangu wakisoma hapa watacheka, maana wao wakitaka kumsemesha mtu wanabonyeza simu na kuongea huku wanatafuna. Sisi tulikuwa na kanda za kaseti. Unaiweka kanda kwenye redio, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unasafisha koo kama shehe anayeanza hotuba, ndipo unasema. Simu ya mbali ilikuwa ghali, na mtu akiishika tu Mama alikwenda kusimama chini ya saa ya ukutani. Kanda ilikuwa na dakika thelathini kila upande, na haikumharakisha mtu.

Tulikaa mtaa wa Agincourt, ghorofa ya saba, katika jengo ambalo ukipanda lifti jioni unajua kila nyumba inapika nini. Mama alinunua nazi ya kopo na bamia kwa Wachina, ndizi za kupika kwa Mjamaika, na unga wa ugali aliupata kwa kubahatisha, akauchanganya na kuusonga kwa ubishi mpaka ukakubali. Wakati wa baridi tulivaa mifuko ya mkate juu ya soksi kabla ya kuingiza miguu kwenye mabuti, ili maji ya theluji yasipenye. Tulicheza rede kwenye maegesho ya magari kwa mpira wa soksi, na kombolela kule chini kwenye chumba cha kufulia, ambako mashine zilikuwa na joto tamu na mtu aliweza kujificha nyuma yake mpaka akasahauliwa. Watoto wa siku hizi wakikosa chaji nusu saa, utadhani nyumba ina msiba.

Jumamosi nyumba yetu ilijaa. Walikuja watu wa Tanga kama sisi, watu wa Dodoma, na familia moja ya Mombasa, kula pilau na kusikiliza kanda. Kanda haikuwa mali ya mtu mmoja. Kama vile kule nyumbani barua ya mbali ilivyosomwa kwa sauti mbele ya majirani, kanda nayo ilipofika iliwekwa kabatini kusubiri Jumamosi. Kuisikiliza peke yako ulikuwa uchoyo. Watu wazima walikaa kwenye mkeka, sisi watoto tukanyamazishwa, na sauti ya bibi kutoka Tanga ikatusalimia mmoja mmoja kwa majina, naye aliyetajwa akaitikia kana kwamba bibi anamsikia. Mwishoni tulirekodi majibu papo hapo, redio ikipita mkono hadi mkono, ili kila aliyekuwapo atie salamu yake.

Mwenyekiti wa Jumamosi hizo, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa Mjomba Shabani. Hakuwa ndugu wa damu, alikuwa rafiki wa Baba tangu walipofika Kanada. Aliendesha teksi na redio ya habari ikiwa wazi kutwa nzima, na kwa hiyo alizijua siasa za nchi hii kuliko wanaozifanya. Kila jimbo alikuwa na lake la kulisema, lakini watu wa Alberta, kule magharibi, aliwahifadhi mpaka baada ya chai. Hao, alisema, ni wahafidhina kuanzia kitovuni. Wanavaa kofia pana hata bafuni. Kila mmoja ana bunduki nyuma ya kiti cha gari. Wanakipigia kura chama kile kile walichokipigia babu zao, na chama kikisimamisha ng'ombe, watamchagua ng'ombe. Mgeni mweusi akibisha hodi, anafunguliwa na mbwa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na magharibi ya mbali kabisa aliyowahi kufika Mjomba Shabani ilikuwa uwanja wa ndege, kushusha abiria.

Katikati ya miaka ile jimbo letu wenyewe, Ontario, nalo likawachagua wahafidhina. Mama wa ile familia ya Mombasa alipomkumbusha hilo, Mjomba Shabani alikoroga chai yake akasema hao ni wahafidhina wa mjini, si sawa. Tukalikubali na kuendelea kula.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kugandisha. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa, akahangaika miezi minane akishusha mizigo huku na kule, mwisho akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama, mji mdogo, jimboni Alberta. Siku aliyotuambia, Mama aliweka kijiko chini akamtazama kama mtu aliyesema anakwenda vitani. Mjomba Shabani alimpa soga za kumtia hofu, halafu akampa koti lake zito. Baba alipanda basi la siku tatu na kapu la chapati. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Rajabu mitano.

Basi tukaanza kupokea kanda kutoka Alberta. Baba alipanga chumba kwa mzee mmoja aitwaye Walter, mkulima aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe na mwenye nyumba kubwa isiyo na watu. Baba hakumsifia uongo. Alisema kofia pana anayo, na bunduki anayo, ya kufukuzia mbweha, na bango la wahafidhina linasimama uani kwake tangu uchaguzi uliopita kwa sababu amechoka kulichomeka na kulichomoa. Lakini alipojua kwamba Baba hali nyama isiyochinjwa kwa sheria yetu, alimpeleka kwa jirani mwenye mbuzi, akasimama pembeni amevua kofia yake mpaka Baba akamaliza kuchinja. Baba alisema pia kwamba kule nako wana soga zao kuhusu sisi: watu wa Toronto wana maringo, hawasalimiani, wanadhani nchi inaishia mwisho wa mtaa wao, na hawajui kuendesha gari kwenye theluji. Hapo Mjomba Shabani, aliyekuwa amegonga nguzo wiki ile, hakucheka.

Ikaja kanda ya mwezi wa tatu. Kama kawaida ilisubiri Jumamosi, na kama kawaida Mama aliiweka mbele ya watu wote. Laiti angalijua. Upande wa kwanza ulikuwa salamu. Upande wa pili Baba alibadilika sauti. Alisema amechoka kula peke yake. Alisema anaamka anasikia kama Rajabu anamwita, kumbe ni upepo. Alisema Mzee Walter amempa ghorofa nzima ya juu kwa bei ile ile, shule iko karibu, na anamwomba mkewe waje wote shule zikifungwa. Watu walikuwa wanatazama sahani zao. Mama alivuta ukingo wa kanga mpaka mdomoni, maana mume anayelia hadharani ni aibu ya mke, na redio ilikuwa mbali na mkono wake.

Kisha Baba akasema kuna mtu anataka kusalimia. Tukasikia sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyefundishwa kwa siku nyingi: "Shikamoo, Mama Mwajuma."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mzee wa miaka sabini na kitu, mvi kichwani, anampa shikamoo mwanamke wa thelathini na tatu! Baba alimfundisha neno la heshima akasahau kumfundisha nani humpa nani. Mama wa Mombasa alilia machozi. Mama naye alicheka, nadhani kwa kushukuru kupata sababu ya kufuta macho. Mzee akaendelea kwa Kiingereza, akanitaja mimi, Mwajuma mwenyewe. Aliuliza ningependa chumba changu kipakwe rangi gani.

Jibu la Mjomba Shabani lilikuwa tayari kabla kanda haijaisha. Alisema hao ndivyo walivyo, wanakuonyesha meno kwanza. Alisema shemeji asipeleke watoto mahali ambapo hata mwalimu amempigia kura adui yao. Wengine wakaunga mkono, kila mmoja na kisa alichokisikia kwa mtu aliyekisikia kwa mtu. Hakuna aliyemwuliza Mama anataka nini, na baada ya hapo mwanamke gani angesema mbele yao kwamba anamtaka mume wake? Tukarekodi. Mama alisema watoto wana masomo, tuwe na subira, Mungu yupo. Mjomba Shabani akamwonya Baba aangalie mgongo wake. Redio ikanifikia mimi.

Nitasema ukweli, kwa sababu sasa ni mtu mzima na sina wa kumdanganya. Nilikitaka kile chumba. Nililala na Rajabu ambaye alikuwa bado anakojoa kitandani. Nilimtaka baba yangu kuliko chumba. Rangi nilikuwa nayo ulimini, kijani, kijani cha ukili mbichi. Lakini niliinua macho nikaona watu wazima wote wananitazama, wako tayari kucheka, na mtoto ni mtoto. Nikasema sitaki chumba huko, watu wa Alberta ni wabaya, wanatuchukia, na huyo mzee ni mmoja wao. Nyumba ikacheka tena. Mjomba Shabani akanipa pipi mbili.

Na nilisema kwa Kiingereza. Sisi watoto tulikisikia Kiswahili vizuri kabisa, lakini tukifungua kinywa ilikuwa Kiingereza kinachotoka, na wazazi walishachoka kutukemea. Hakuna hata mmoja chumbani mle aliyewaza lolote kuhusu jambo hilo.

Wageni walipoondoka Mama aliirudisha nyuma kanda ya Baba akaisikiliza tena akiosha vyombo. Ilipofika sauti ya mzee, nilimsikia akijibu polepole, mikono ikiwa majini: "Shikamoo wewe, baba yangu." Bahasha ya majibu ilikuwa imeshafungwa. Jumatatu aliipeleka posta mwenyewe akienda kazini.

Kanda iliyofuata ilichelewa, na ilikuwa fupi. Baba alisema ametuelewa. Sauti ya Mzee Walter hatukuisikia tena, na mimi sikujiuliza kwa nini. Baba alikaa kule miaka mitatu. Alikuja sikukuu na wiki mbili za kiangazi, kila mara akiwa mgeni kidogo zaidi. Rajabu alimsalimia kwa adabu na kujificha nyuma ya Mama. Aliporudi moja kwa moja mgongo wake ulikuwa umeharibika, nami nilikuwa msichana mkubwa mwenye mambo yake. Miaka ile hairudishwi na mtu.

Nilishaolewa nilipomwuliza Baba habari za mzee yule. Tulikuwa jikoni kwake, anamenya viazi. Akasema siku kanda yetu ilipofika Mzee Walter alikuwa ameandaa vikaratasi vya mifano ya rangi kutoka dukani, amevipanga mezani. Alivaa shati safi. Walikaa wawili, Baba akisimamisha kanda na kutafsiri kila aliyesema. Maneno ya Mjomba Shabani aliyatafsiri kuwa salamu. Ya Mama aliyalainisha.

"Zamu yako ilipofika," Baba akasema, "sikuwa na kazi ya kutafsiri."

Nilimwuliza mzee alisema nini. Baba aliendelea kumenya. Alisema mzee aliuliza nina miaka mingapi, akajibiwa kumi. Akakusanya vikaratasi vyake, akasema mtoto wa miaka kumi hawezi kuwa ameyatunga mwenyewe, akaenda kuchemsha maji ya chai. Hakumpandishia Baba kodi, hakumnunia. Alifariki mwaka mmoja baada ya Baba kuondoka, na Baba alikwenda kumzika. Nilidhani siku zile amesafiri kikazi.

Nilitaka Baba anigombeze. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja na nilitamani kuchapwa. Alinipa kisu kingine akaniambia nimsaidie viazi.

Siku hizi hakuna kanda. Vijana wanatumiana sauti, na aliyekosea anaifuta kabla haijasikika, ndiyo maana wanasema lolote. Jumamosi kila mtu yuko kwake na skrini yake, na pilau linaletwa na kijana wa pikipiki ya umeme. Nazikumbuka Jumamosi zile kwa mapenzi makubwa, sikatai. Nakumbuka harufu ya bizari, mkeka, mabuti yamejipanga mlangoni yakichuruzika theluji, na Mjomba Shabani, Mungu amrehemu, akituvunja mbavu. Tulipendana kweli. Ila tulipocheka, tulicheka kwa pamoja, na hakukuwa na njia ya mmoja kutocheka.

Mwezi uliopita binti yangu alipata kazi Calgary, huko huko Alberta. Wenzake wamemjazia simu vichekesho vya kofia pana na bunduki na ng'ombe mgombea. Nimeviona, ni vile vile vya Mjomba Shabani, hata havijasafishwa. Alinionyesha akicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kwa Kiingereza chake watu wa kule wakoje hasa.

Nikamjibu kwa Kiswahili, ili jibu lisinitoke kirahisi. Nikamwambia sijui, sijawahi kufika. Babu yako alituita, mimi nikakataa.