Kioo Kinachelewa

Binti yangu ndiye aliyesema kioo kinachelewa, na mimi nikamwamini haraka, maana nilitaka sana iwe hivyo.

"Mama, nikibonyeza, mchezaji wangu anapiga baadaye. Kama vile anafikiria kwanza."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ugonjwa wa misuli ulimshika akiwa sekondari, ukaanza na miguu, na daktari alituambia bila kuficha kwamba dawa zitaupunguza mwendo tu, hazitausimamisha. Mwaka huo miguu ilishakwisha kabisa. Mikono ilikuwa bado. Kila asubuhi kwenye rozari nilimwambia Mungu jambo moja: miguu umechukua, sikudai, niachie mikono.

Hiyo mikono kazi yake ilikuwa mpira wa kwenye kompyuta. Jumamosi mchana alikuwa anakuja binamu yake, mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye familia anayekatisha tiketi kwenye stendi ya mabasi ya Msamvu, wanacheza mpaka saa kumi na moja. Binti yangu alikuwa anaiishi wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo.

Kwetu binamu ni mtani, na mtani hata msibani hana adabu, ndiyo kazi yake. Akiingia uani kwetu Bigwa ananipa shikamoo shangazi vizuri, nikishaitikia tu anageukia ndani.

"Mke wangu yupo? Au bado anajifanya mgonjwa asipike?"

"Mimi imegoma miguu," binti anajibu. "Wewe kichwa kiligoma darasa la tatu."

Wanacheka mpaka mmoja anakohoa. Mgeni angesema tuna roho mbaya. Lakini mjini kote watu walikuwa wanamsalimia mwanangu kwa sauti ya hospitali, na huyu peke yake alikuwa anamtukana kama mtu mzima wa afya.

Basi nikaamua kukirekebisha kioo. Mimi nilimaliza kidato cha nne ukubwani, kwa masomo ya jioni, na huko walitufundisha kompyuta kidogo, kwa hiyo siogopi kufungua mipangilio. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimenunua televisheni kubwa ili jumuiya wakija kusali waone misa vizuri, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoiunganisha na kompyuta. Fundi wa hapa jirani akanieleza kwamba televisheni ikipokea picha inaipamba kwanza, inalainisha mwendo, inang'arisha sura, ndipo inaionyesha. Kwenye misa huoni tofauti. Kwenye gemu, kidole kimeshabonyeza na picha bado iko saluni.

Nikashika rimoti. Nikaiweka kwenye hali ya gemu, nikazima mapambo yote moja moja. Jumapili padri wa kwenye misa akatoka na rangi ya majivu, nikasema potelea mbali. Binti akacheza, akasema afadhali.

Baada ya wiki mbili akasema shida imerudi.

Fundi akabadilisha waya wa picha, maana ule wa zamani ulipitia kwenye kifaa kidogo cha kuigeuza picha, nacho kinakula muda. Nikaingia kwenye kompyuta nikakuta imewekwa kutuma picha thelathini kwa sekunde, nikapandisha zikawa sitini. Pedi ya kuchezea isiyo na waya nikaiweka kabatini, tukachukua yenye waya. Kila mara anasema afadhali, mama. Kila mara inarudi. Nilikuwa nafagia uani alfajiri, mlima wa nyuma ya nyumba bado umefunikwa na wingu, na mimi akili iko kwenye menyu ya televisheni, natafuta kitu ambacho sijazima.

Binamu ndiye aliyeleta wazo la kupima. Simu yake ilikuwa inaweza kurekodi video ya mwendo wa polepole sana. Tukaiegemeza kwenye kopo la unga, ikaona kidole na kioo kwa pamoja. Akacheza yeye kidogo, kisha binti. Halafu mimi na yeye tukatoka kibarazani na simu, tukawa tunaisogeza picha kwa picha, tunahesabu.

Kutoka kidole kinaposhuka mpaka mchezaji anapopiga, hesabu ilikuwa ile ile kwa wote wawili, ndogo kabisa. Kioo kilikuwa kizima. Tukarudi nyuma tukahesabu kutoka mpira unapomfikia mchezaji mpaka kidole kinaposhuka. Cha binamu kilishuka upesi. Cha mwanangu kilitetemeka juu ya kitufe, kikatetemeka tena, picha zikapita nyingi, ndipo kikashuka. Tulihesabu mara tatu. Mara ya tatu binamu aliacha kuhesabu kwa sauti.

Tulipoingia binamu akamwambia kioo bado kina shida. Binti hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mama, wewe hunidanganyi. Kikoje?"

Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Kioo ni kizima, mwanangu."

Akasema, "Haya." Akaomba maji.

Jumamosi iliyofuata binamu alikuja, akamsalimia, "Hujambo, dada?" Dada. Wakacheza kimya. Mara kipa wa binamu akauacha mpira wa kitoto upite, mara beki wake akasimama tu. Binti akaweka pedi mapajani.

"Kama umekuja kunizika, usije tena."

Nilimtoa binamu nje mpaka kwenye mgomba. Nikamwambia mimi ni mama, siwezi kumtukana. Akiacha yeye, mwanangu atabaki na watu wa kumwonea huruma tu mpaka siku ya mwisho. Alijifuta uso kwa shati, akarudi akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nilikuwa nakustahi tu. Ukweli ni kwamba hata kuku wa shangazi anacheza kuliko wewe."

Kicheko cha binti kilichelewa kuja, lakini kilikuja. Siku hiyo alifungwa saba.

Amefungwa Jumamosi nyingi tangu hapo. Sasa pedi hashiki tena. Binamu anacheza na kompyuta, na binti anakaa pembeni kwenye mito kumponda kila pasi. Mara ya mwisho kliniki, daktari alimpa karatasi asome kwa sauti. Alimsikiliza sauti na pumzi mpaka mwisho wa ukurasa, akaandika kitu. Sikumwuliza. Njiani binti naye hakuniuliza.

Televisheni sijairudisha kwenye mapambo yake, na padri bado ana rangi ya majivu. Rozari nasali kila asubuhi kama zamani. Ila siku hizi simtajii Mungu kiungo cha kuniachia.