Chai ya Mtungi Mmoja

Wameniletea kikombe cha chai ya tangawizi hapa kwenye benchi, na harufu yake imenirudisha utotoni, mtaani kwetu Kadutu, kwenye darasa la katekisimu, Jumamosi moja mchana.

Mama alikuwa amenituma nimshike papa, baba yangu, mkono mpaka mlangoni, maana njiani palikuwa na nyumba tatu zilizouza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Papa alivaa abakosi yake ya ofisini, ile suti isiyovaliwa na tai. 

Nilimngoja mlangoni, nikichungulia. Ndani, wanaume walioacha pombe walizunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, kama kilabuni. Hawakujua namna nyingine ya kukaa pamoja. Ila mtungini mlikuwa na chai. Papa akainama, akavuta kwa mazoea yake, akaungua ulimi.

“Polepole, citoyen,” muzee mmoja akamwambia, akimwita “raia” kama tulivyoamriwa kuitana siku hizo. “Hii haiko kasiksi.”

Wakacheka. Papa naye akacheka, machozi yakimtoka.

Tuliporudi, mama alimsimamisha mlangoni. “Pumua, papa.” Akanusa, akanusa tena, kisha akanigeukia mimi. “Ni chai tu, kweli?”

“Ndiyo, maman.”

Tangu hapo aliniuliza mimi kila Jumamosi, na si kila Jumamosi nilisema kweli.

Chai imepoa. Zamu yangu ya kusema ni siku ngapi sijaonja pombe imekaribia. Nje, kwenye ngazi, binti yangu amekaa, ananingoja anisindikize nyumbani.