Kapteni Anayeomba Lifti Kwenda Kazini

Theluji kutoka Ziwa Erie imeacha kuanguka alfajiri hii, na uwanja wa ndege wa Buffalo, uliofungwa jana kutwa, umefunguliwa tena. Denise Kubiak anapita mbiombio katikati ya abiria. Kofia ameibana kwapani, mkono mmoja unaburuta begi na mwingine umeshika boksi la peremende.

Nyuma yake anahangaika kumfuata mama yake, Genevieve, mwenye miaka sabini na tisa, amevaa koti jekundu ambalo huwa halitoki kabatini mpaka Krismasi. Kila anayekutana naye, wafagiaji wakiwemo, anamwambia kwamba yule aliye mbele ni kapteni.

"Mama, basi," anasema Denise bila kugeuka.

"Basi nini? Kwani ni siri?"

Si siri tena. Kwa miaka kumi na miwili Denise amekaa kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi. Mitihani ya ukapteni ameshafaulu, na safari za kusimamiwa na mwalimu amezimaliza wiki iliyopita. Mchana wa leo atakaa kiti cha kushoto bila mwalimu kwa mara ya kwanza. Safari aliyopangiwa ni kutoka New York kuja hapa hapa Buffalo, mji aliozaliwa na anakoishi bado, katika kitongoji cha Cheektowaga, na mama yake amekatiwa tiketi ya kwenda New York asubuhi hii ili arudi mchana katika ndege ya binti yake.

Kasoro ni moja tu. Ndege ya kurushwa iko New York, rubani wake yuko Buffalo, na huyo rubani hana tiketi.

Ndiyo maisha ya marubani wengi wa Marekani. Wanaishi mji huu, kituo chao cha kazi kiko mji ule, na kazini wanakwenda kwa ndege za wenzao. Viti vya abiria vikijaa, nyuma ya marubani wawili kuna kiti kidogo kinachokunjuliwa kutoka ukutani, nacho hakilipiwi hata senti. Ila hakuna anayekikalia kwa haki yake. Ni lazima uende mwenyewe mpaka mlangoni, useme jina lako, umwombe kapteni.

"Hata kama mko kampuni moja. Hata kama jana mlikunywa bia meza moja," anasema Denise. "Unaomba. Usipoomba, umemtukana mtu nyumbani kwake."

Na mikono mitupu haiendi. Wahudumu wa ndege wa njia hii wanamjua kwa peremende za Buffalo, zile za sukari iliyoumuka zilizofunikwa chokoleti. Asipozileta wanamuuliza kama anaumwa.

Katika kila sherehe ya ukoo lazima atokee mtu wa kumuuliza kwa nini asihamie New York yaishe. Denise hucheka. "Nikalipe bei ya nyumba nzima kwa banda la kuku? Na mama nimwachie nani? Kuna asubuhi theluji inaziba mlango wake mpaka kitasa."

Huko New York ana kitanda tu. Ni kitanda cha juu katika nyumba ya marubani kumi na mmoja karibu na uwanja, dola mia tatu na hamsini kwa mwezi, na anayelala chini yake anakoroma. Alipoanza kazi mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola elfu ishirini na mbili. "Binamu yangu alikuwa mhudumu wa baa na alinizidi," anasema. "Tena yeye alikuwa anakwenda kazini kwa miguu."

Amewahi kula Krismasi ya biskuti za chumvi kwenye benchi la uwanja wa Pittsburgh, kwa sababu kiti cha kukunja kilipata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo safari hii alijipanga kuondoka jana, na jana ndiyo siku theluji ilipoamua kufunga uwanja. Imebaki ndege hii moja. Inayofuata itafika New York saa ya kuripoti kazini imeshapita, kapteni wa akiba atapewa safari yake, na mama yake atarudishwa Buffalo na mtu asiyemjua.

Ndege imejaa pomoni. Genevieve anakaa kiti chake, safu ya kwanza, anafunga mkanda na kuukaza kabla hajaambiwa. Denise anampa mhudumu, Yolanda, boksi la peremende, anakumbatiwa, anapongezwa, anavutwa shavu. Kichwa kinamzunguka kwa furaha. Anaingia chumba cha marubani, anaweka begi chini na kuanza kukunjua kile kiti.

Kapteni aliye kushoto, Lowell Haskins, mzee wa masharubu meupe, hageuki. Anaendelea kubonyeza vitufe vyake.

"Chumba umekipenda?" anauliza. "Tukuletee na chai?"

Denise anaganda, kiti nusu kimekunjuka. Miaka kumi na miwili ya kuomba, na leo, siku ya kwanza ya mistari minne ya dhahabu ya ukapteni mabegani, amesahau kuomba! Uso unamwiva mpaka masikioni. Anakirudisha kiti ukutani, anachukua begi lake, anatoka nje mbele ya macho ya safu tatu za abiria, anageuka na kugonga mlango uliokuwa wazi.

"Habari za asubuhi, Kapteni. Naitwa Denise Kubiak, wa Cheektowaga. Naomba lifti mpaka New York, kama nafasi inaruhusu."

Haskins sasa anageuka. Anatazama mabega yake, anatazama uso wake, na masharubu yanaanza kucheza. "Mistari mipya hiyo. Bado ina lebo ya dukani?"

"Leo ndiyo siku ya kwanza, Kapteni."

"Nilijua. Hata mimi siku yangu ya kwanza nilisahau kofia, nikaazima ya mtu mwenye kichwa kikubwa. Karibu ndani."

Huko safu ya kwanza, Genevieve anacheka mpaka anatoa leso. "Kapteni mzima kafukuzwa!" anamwambia jirani yake. "Huyo ni mwanangu huyo!"

Kicheko hakijaisha, karani wa lango anaingia na karatasi mkononi na uso wa mtu asiyependa anachokuja kusema. New York kuna ukungu na upepo. Ndege imeongezewa mafuta ya kuiwezesha kwenda kutua mji mwingine ikibidi, na kwa mafuta hayo uzito umezidi. Lazima ashuke mtu mmoja. Kwa desturi ya kazi hii, wa kwanza kushuka ni aliyepanda bure.

Haskins anapiga simu kwa wapangaji wa safari. Anawabembeleza, anawatania, mwishoni anawafokea. Mafuta hayapunguzwi, na Denise mwenyewe, akiwa ameshikilia mgongo wa kiti, anatikisa kichwa kukubali. Angekuwa yeye kapteni, asingeyapunguza.

"Ni sawa, Kapteni," anasema. "Ahsante kwa kunipokea." Anachukua begi kwa mara ya pili asubuhi hii. Safari hii abiria hawacheki, maana machozi yake wanayaona.

"Unakwenda wapi?" anauliza Genevieve.

"Nashuka, Mama. Uzito umezidi."

"Kwani wanakutaka wewe?"

"Wanataka mtu mmoja."

Genevieve anafungua mkanda. Inamchukua muda kwa jinsi alivyoukaza. Anasimama, anaanza kuvuta mfuko wake uliojaa pierogi, vitumbua vya Kipolandi vya unga vilivyojazwa viazi, alizopika kwa ajili ya wifi yake Halina, anayeishi Brooklyn, ambaye alipanga kukutana naye uwanjani.

"Mama, kaa chini."

"Usiniambie kaa chini, kukaa nimekufundisha mimi."

"Tiketi ni yako! Siku yenyewe nimeipanga kwa ajili yako!"

"Denise, tumia akili. Nikienda mimi wewe ukabaki, atanirudisha nani? Mgeni? Wageni wamenibeba sana. Nenda kalete hiyo ndege. Nyumbani kwangu ni hapa, nitakuwa hapa." Anamgeukia karani. "Mimi nashuka. Natosha au nivue na koti?"

"Hatupimi mtu, bibi," anasema karani. "Tunahesabu vichwa tu."

"Basi hesabu hiki kimetoka."

Yolanda anamshika mkono kumsaidia. Kapteni Haskins ameinuka kitini mwake na kuja mpaka mlangoni, jambo ambalo kwa ratiba iliyochelewa hakulazimika kulifanya. Anamwambia karani amhamishie bibi huyu tiketi yake kwenye ndege ya mchana inayotoka Buffalo kwenda New York, ndege ile ile ambayo Denise ataileta hapa kisha kuirusha kurudi New York. Karani anasema kiti kipo. Genevieve anasema usiku atalala kwa Halina, na kesho atajua mwenyewe la kufanya, yeye si mtoto.

Mlango unafungwa. Denise anakaa kwenye kiti cha kukunja, magoti yakikaribia kidevu, na ndege inapaa. Mpaka wavuke futi elfu kumi hakuna anayeruhusiwa kuongea lisilo la kazi. Huko juu, jua linawapiga usoni, Haskins anamuuliza Denise mama yake alikuwa akifanya kazi gani.

"Aliuza mikate soko la Broadway, la kule Buffalo, miaka thelathini," anasema Denise. "Wateja wake wote walijua mimi nasomea urubani kabla sijamaliza fomu."

Wanacheka mpaka rubani msaidizi anawakumbusha kwamba mahali pa kuanza kushuka panakaribia.

New York, ukungu umefunguka kiasi cha kutua. Denise anamshukuru Haskins, anakimbia, anabadilisha lango, anaripoti akiwa na dakika chache mkononi. Rubani msaidizi wake, kijana mpole anayeitwa Trevor Ashby, anamuuliza kama yuko tayari. "Nimekuwa tayari tangu enzi za Rais Obama," anamjibu.

Na anaileta ndege Buffalo. Upepo wa pembeni unatoka ziwani, njia ya ndege ina vipande vyeupe kandokando, na magurudumu yanagusa kwa ulaini kiasi kwamba mtoto mmoja safu ya kati anauliza kama wameshafika. Trevor anamwambia kuwa ametua vizuri. Denise anapunguza mwendo na kuielekeza ndege langoni. Anatazama dirisha la jengo la abiria, ambako doa jekundu linaruka-ruka nyuma ya kioo.

Mipango anayo. Katika miaka mitatu anatarajia kupata ukongwe wa kutosha kuchagua safari zinazoanza mchana na kumrudisha nyumbani jioni ya siku ya pili, akaachane na kitanda cha juu na mkoromaji wake. Anataka pia kumpeleka mama yake Krakow, Poland, ambako bibi yake alizaliwa. Na ameapa kwamba kiti chake cha kukunja, maadamu uzito unaruhusu, hakitaondoka kitupu wakati kuna rubani mwenzake amesimama langoni.

Abiria wa New York wanaanza kupanda. Wa kwanza ana koti jekundu na mfuko wa pierogi. Lakini hakati kona kwenda kwenye kiti chake. Anasimama mlangoni mwa chumba cha marubani, foleni yote ikisimama nyuma yake, na kugonga mara mbili mlango ulio wazi.

"Habari za mchana, Kapteni. Naitwa Genevieve Kubiak, wa Cheektowaga. Naomba lifti mpaka New York, kama nafasi inaruhusu."

"Mama," anasema Denise, "una tiketi."

"Najua nina tiketi. Naomba."

Trevor anainamisha kichwa na kujifanya anasoma vipimo. Denise anavua kofia, anapangusa macho kwa mkono wa shati lenye mistari minne, anageuka vizuri kitini ili amwone mgeni wake usoni.

"Karibu ndani," anasema.