Madiba wa Marani na Kaburi la Shemeji

Onchiri, fundi wa nguo, hakuwahi kufungwa hata siku moja, lakini soko zima la Marani lilimwita Madiba. Jina lilianza na mashati ya maua makubwa aliyojishonea na kuyafunga vifungo hadi shingoni. Ndipo akaona aibu kubeba jina la mtu asiyemjua, akaanza kusoma habari za Mandela, na katika kusoma huko akaokota somo moja: msamehe adui yako. Somo hilo lilimfaa sana adui yake.

Adui mwenyewe alikuwa Ogeto, kaka yake mkubwa. Baba yao alipowagawia shamba alipanda ua mpakani. Ua huo ulikuwa na tabia ya kutembea, na kila ukitembea ulielekea kwa Onchiri. Onchiri alisamehe. Alisamehe migomba ya chini, akasamehe njia ya mtoni, akasamehe hadi chemchemi, na kanisani wakamtolea mfano. Kilichobaki ni kipande cha chai nyuma ya nyumba, kilichomsomesha binti yake Purity na kuilisha nyumba yake miezi ambayo wateja hawakushonesha kitu.

Orpah, mkewe Ogeto, alipofariki, kamati ya mazishi ilimfanya Onchiri mwenyekiti. Nani mwingine ana moyo kama ule?

Asubuhi ya mazishi Nyanchama, mkewe Onchiri, alitoka kuchuma chai na kapu tupu.

"Baba Purity, wamechimba kaburi kwenye chai."

"Chai ya nani?"

"Ya Mandela. Si yeye ndiye anayeigawa?"

Onchiri alikaa chini. Kwao ardhi ikishapata kaburi imepata mwenyewe. Hakuna chifu wala mahakama itakayobishana na marehemu. Akamwendea Ogeto hemani.

"Kwangu ni mawe matupu, mdogo wangu," Ogeto alisema kwa upole wa mfiwa. "Na Orpah alikupenda. Leo umnyime pa kulala? Wewe si ndiye Madiba?"

Wazee waliokuwa karibu walitikisa vichwa kukubali. Onchiri naye, kwa mazoea, akatikisa chake.

Nyanchama alimngoja mlangoni. "Huyo mtu wako waliwahi kutaka kumtoa gerezani mapema, ila kwa masharti. Alisemaje?"

"Alikataa."

"Ukurasa huo uliuruka?"

Hakuwa ameuruka. Aliusoma akaona haumhusu, kwa kuwa yeye hakuwa gerezani. Sasa alilitafuta neno la kukataa mdomoni mwake asilipate, na nje waimbaji walikuwa wameshaanza kusogea na jeneza. Mbele ya maiti watu hawagombani. Hilo Ogeto alilijua vizuri.

Kwa hiyo Onchiri hakugombana. Alichukua panga, akakata shina la mgomba, akaliburuta katikati ya waombolezaji, utomvu ukimchafua shati lote, akalisukuma kaburini. Likatua kwa kishindo.

Wimbo ulikatika. Kila mtu alielewa. Kaburi lililochimbwa halikai tupu, na lisipotumika huzikwa mgomba ndani yake, lisije likaita mtu mwingine wa boma. Hilo lilikuwa limepata maiti wake. Hakuna wa kumlaza Orpah juu ya mgomba.

Mchungaji Mose alifunga Biblia. Ogeto alimgeukia mdogo wake.

"Kumbe ndivyo ulivyo."

"Nimechelewa tu, kaka."

Wachimbaji walihamia upande wa Ogeto. Kuhusu mawe hakuwa amedanganya: kila jembe liliposhuka lililia, na jeneza lilisubiri juani juu ya viti viwili. Wanawake walimkwepa Onchiri kama mwenye ugonjwa. Mmoja alisema, bila kushusha sauti, kwamba mtu akinyamaza sana ujue anafuga kitu. Onchiri alilia. Orpah alimpenda kweli. Alikuwa akimletea maziwa ya mgando kwa siri, bila Ogeto kujua.

Alirudi nyumbani akachukua jembe, akaenda kusimama ukingoni mwa shimo jipya. Hakuna aliyempokea, hakuna aliyempisha. Alisimama hivyo, jembe mkononi, hadi shimo likafika kiunoni mwa wachimbaji.

Hatimaye Ogeto alisema, macho yakiwa kwenye mawe, "Sogea. Umekanyaga mahali pa kutupia udongo."