Kofia Yangu Imevuliwa Leo Nyamache

Rafiki zangu, mkishasoma karatasi hii ichomeni. Mchungaji asisikie hata neno moja, maana ndiye baba wa mchumba wangu, na amesema binti yake haolewi na mtu aliyepitia kwa waganga.

Leo daktari Mzungu alinichukua mimi karani wake nikamtafsirie kwa omobari, yule mganga wetu anayefungua kichwa kilichopasuka na kukwangua mfupa.

Na omobari mwenyewe ni nani? Nyakundi! Tulitahiriwa pamoja. Shule aliacha darasa la pili.

Daktari akamshika mkono. Kwa mikono miwili! Mimi namtafsiria mwaka wa tatu sasa, hata kidole sijapewa.

Kisha akaomba, kwa heshima, kumwona mtu mmoja aliyepona.

Roho iliniuma. Nikatafsiri hivi: "Bwana anasema wagonjwa wako wote hufa."

Nyakundi akacheka.

"Omosani, rafiki yangu, na wewe je? Si baba yangu alikukwangua ulipopigwa jiwe machungani?"

Kabla sijajibu, akanivua kofia.

Daktari akatia kidole kwenye mbonyeo ulio utosini mwangu. Halafu akasema, "Kazi safi sana." Alikuwa akimtazama Nyakundi.

Ameagiza kesho nipigwe picha, ibandikwe ukutani hospitalini, palepale mchungaji anapoombea wagonjwa.

Nifanyeje?

Mwenye shauri aje dirisha la nyuma la ofisi saa saba, daktari akila. Asiniite jina. Amtafute aliyevaa kofia ndani ya nyumba.