Swali la Saba

Mwalimu wa biolojia ninayetaka kuwasimulia habari zake, wanafunzi walimpachika jina la Mama Hoja. Yeye alilijua jina hilo, na kwa kweli alilipenda. Lilitokana na msemo wake wa kila kipindi: "Hoja moja, alama moja. Hadithi kamsimulie bibi yako." Ukijaza ukurasa mzima kueleza jinsi moyo unavyosukuma damu, atakukata alama. Ukiandika maneno matatu yaliyomo kwenye mwongozo wake wa kusahihishia, unazoa alama zote. Mwongozo wenyewe ulikuwa daftari la jalada gumu lililokazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli: maswali ya miaka ishirini na miwili kushoto, majibu kulia. Tusimsingizie, wanafunzi wake walifaulu. Kuna wazazi waliohamisha watoto kutoka shule nyingine ili tu waje kukaa mbele ya ubao wake.

Nyumbani alibaki na binti mmoja, aliyezaliwa wakati kaka zake wameshaanza kunyoa ndevu. Walimwita Kitinda, mpaka jina la kwenye cheti likasahaulika. Alikuwa kidato cha tatu, darasa la mama yake mwenyewe, dawati la pili upande wa dirishani. Shuleni alimwita "Mwalimu", na wakivuka geti tu anasema "Mama", kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Muhula wa pili Kitinda akaanza kunywa maji.

"We mtoto, umemeza gunia la chumvi?" mama yake alimuuliza, jagi la mezani lilipokauka mara ya pili kabla ya chakula kuiva.

"Joto, Mama."

"Joto gani hilo linalokuchagua wewe peke yako?"

Mlango wa choo nao ukawa haupumziki. Kisha wakaja sisimizi, mstari mrefu kutoka ufa wa ukuta hadi sakafu ya choo. Mama Hoja akawamwagia mafuta ya taa. Kesho yake wakarudi. Akawamwagia tena, na safari hii akamsema binti yake kwamba ni mvivu wa kumwaga maji.

Jumapili moja akaja mdogo wake Mama Hoja, ambaye ni mshonaji, kumpimia Kitinda sare.

"Dada, sketi hii niliishona juzi tu, leo naipunguza inchi tatu. Mtoto unamlisha, au unamwonyesha chakula kwa mbali?"

"Anarefuka huyo. Ukoo mzima tulikuwa vijiti. Umesahau wewe? Upepo ukivuma tulikuwa tunakushika mkono usije ukapeperuka."

Wakacheka wote watatu. Kitinda alicheka kuliko wote, akashika mbavu, kisha akaomba maji.

Mtihani wa muhula ukafika. Mama Hoja alisahihishia kwenye meza ya jikoni, na karatasi ya binti yake aliisahihisha kama za wengine, bila huruma na bila uonevu. Swali la saba liliuliza: Taja dalili tatu za ugonjwa wa kisukari. Kitinda alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa duara: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito. Vema. Vema. Vema. Tatu kwa tatu.

"Nimepata la saba?" Kitinda aliuliza kutoka upande wa pili wa meza, jagi likiwa kwenye kiwiko chake.

"Umelipata lote. Neno kwa neno, kama mwongozo."

Mtoto akatabasamu, akajimiminia maji.

Siku nne baadaye alianza kutapika. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Muuzaji wa duka la dawa akasema malaria, na malaria ndiyo waliyomtibu kwa siku mbili. Siku ya tatu Kitinda hakuweza kuinuka kitandani, wakampeleka hospitali kwa gari la jirani.

Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakitazama, akarudia. Kipimo hakikutoa namba. Sukari ilikuwa imepita mahali kinapoishia kuhesabu.

"Mama, alikuwa anakunywa maji sana?"

"Sana."

"Na kwenda haja ndogo mara kwa mara?"

Mama Hoja akaitikia kwa kichwa. Swali la tatu alilijua kabla halijatoka mdomoni mwa muuguzi. Maswali yalikuwa yanakuja kwa mpangilio uleule wa daftari lake, upande wa kulia.

"Amekonda," alisema mwenyewe.

Muuguzi akamshika bega. "Unafanya kazi gani, mama?"

Alifungua mdomo. "Nina duka," akasema. "La vitambaa."

"Basi usijilaumu. Mambo haya wanayajua waliosoma."

Walimtundikia maji, wakamchoma insulini, wakafanya kila walichoweza. Kesho yake saa nne asubuhi, Kitinda akakata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Baada ya wiki tatu Mama Hoja alirudi shuleni. Mwalimu wa taaluma alimpokea kwa upole.

"Pole sana, dada. Anza taratibu. Ila kidato cha tatu wako nyuma. Mada ya homoni ulishaimaliza, wewe songa mbele."

"Sijaifundisha."

"Umeifundisha, dada. Ipo kwenye andalio lako la somo, nimetia sahihi mimi."

"Sijaifundisha," akarudia, akachukua bunda la karatasi za mtihani ambazo zilikuwa hazijarudishwa, akaenda.

Aligawa karatasi moja moja. Moja ikabaki mkononi. Akaiweka mezani, mwandiko ukitazama chini. Hakufungua daftari.

"Wekeni kalamu. Nani kwao amewahi kuona sisimizi wanajazana chooni?"

Darasa likatazamana. Mvulana mmoja mcheshi, waliyezoea kumwita Spika, akashindwa kujizuia. "Mwalimu, hiyo nayo itakuja kwenye mtihani?"

"Ilishakuja," alisema.

Akawasimulia jagi, sisimizi waliofuata sukari ya mkojo, mafuta ya taa, sketi ya inchi tatu, harufu ya ndizi. Alisimulia yote, hata duka la vitambaa. Akawaambia kwamba wakiona hayo kwa yeyote, mdogo au mkubwa, wasingoje, wakimbie siku hiyohiyo na waseme: mpimeni sukari.

Kengele ikalia. Wakatoka wote, isipokuwa msichana mmoja wa dawati la pili dirishani, aliyekuwa akikaa na Kitinda. Alisogea mbele akiwa amekunja karatasi yake.

"Mwalimu, alikuwa anamaliza na maji yangu. Nikawa namwita Ngamia. Kila siku. Na yeye anacheka."

"Huna kosa, mwanangu," Mama Hoja alimwambia, akamfuta machozi kwa kiganja chenye vumbi la chaki. "Ulikuwa hujafundishwa."

"Tulifundishwa, Mwalimu." Msichana akakunjua karatasi yake, akamwonyesha swali la saba. "Na mimi nilipata tatu kwa tatu."